Tela la Kutoka Suweiki

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Sohari imeshachemka.
Delwar anarudisha tela kinyumenyume,
tani nane za makuti ya mtende yaliyofungwa kwa kamba,
yamepangwa kama mikeka ya harusi.
Macho yangu yakasema: haya ni masafi.
Macho yangu hayalipwi mshahara.

Kazi yangu ni kutafuta kisichoungua.
Watu wa tanuri wanataka moto tu;
mimi nataka kujua moto utaacha nini nyuma.

Kwanza sumaku. Naipitisha juu ya makuti yaliyosagwa
polepole, kama anayepapasa kichwa cha mtoto akitafuta chawa.
Kinatoka kipande cha waya wa uzio,
misumari miwili, kizibo cha soda,
na ufunguo mdogo wa sanduku, umeliwa na kutu.
Nani huyu aliyekesha akiutafuta?
Sumaku haijibu. Sumaku inashika tu.

Kisha chekeche. Mchanga unashuka kwa mlio wa mvua,
ile ambayo Batina huisikia mara mbili kwa mwaka, ikibahatika.
Bibi yangu, aliyezaliwa Wete na kuzikwa hapa,
angecheka kuona shahada yangu imenirudisha kwenye ungo.
"Peta, mwanangu. Pumba huruka, jiwe hubaki,
na jiwe ndilo linalokuvunja jino."
Hakujua kuwa tanuri nalo lina meno.
Mchanga ukikutana na chumvi ndani ya joto lile
huyeyuka, huganda kwenye mabomba, hugeuka kioo,
kioo kibaya, cheusi, kisichoonyesha sura ya mtu.
Mwaka juzi tulikivunja kwa nyundo siku tisa.

Mwisho mashine ya eksirei, ndogo kama drili ya fundi.
Naielekeza, nabana pumzi; ni mazoea tu, hainitaki nibane.
Kalsiamu. Silikoni. Potasiamu, ya kawaida.
Klorini.
Narudia.
Klorini.
Nachota katikati ya tela, nachota chini kabisa,
nafuta jicho la mashine kwa ncha ya mtandio.
Klorini, mara tatu ya kiwango.

Bi Shinuna amekuja na mzigo wake, amekaa mbele na dereva,
barakoa usoni, kikapu cha tende mapajani.
Ananisalimia kwa Kiarabu, anaisikia lafudhi yangu,
anahamia Kiswahili kama mtu anayevua viatu vilivyombana.
"Mbona umenuna?"
"Makuti yana chumvi, bibi."
"Nimeyaosha."
"Haiko juu. Iko ndani."

Akanyamaza. Akachomoa ukuti mmoja, akauvunja,
akaupitisha chini ya barakoa, akauonja.

"Kisima nimekichimba tena mwaka jana, na mwaka juzi.
Chai yangu ina ladha hii tangu mjukuu aanze kutambaa,
na sasa anakwenda shule.
Nikadhani ni ulimi wangu, ndio uliozeeka."

Nilifunzwa kusoma namba.
Sikufunzwa pa kutazama nikishazisoma.

Mtende haukuficha kitu. Ulikunywa ulichopewa,
ukakiweka akiba, jani baada ya jani,
ukangoja atakayeuliza.

Fomu ya kukataa mzigo ina kisanduku cha mchanga,
cha chuma, cha udongo, cha mawe.
Chini yake mstari mtupu: Chanzo cha uchafu.
Delwar anagonga dirisha, anataka saini, ana safari nyingine Saham.
Nikaandika: maji ya kisima. Nikakata.
Nikaandika: bahari.
Imeingia chini kwa chini, haikubisha hodi,
kilomita nne ndani ya nchi kavu,
na hakuna aliyeona hata povu.

Kesho msimamizi ataniita aniulize mzaha gani huu.
Tela limeondoka na makuti yake, limejaa vilevile.
Bi Shinuna ameniachia tende, anasema ni za zamani,
za kabla.
Ufunguo bado umo mfukoni mwangu.
Nilisahau kumuuliza. Au sikusahau.